Fungu la Njiwa



Wapendwa katika Kristo, mwezi huu wa Oktoba, ambao kwa Kanisa ni mwezi wa Rozari Takatifu na kwa nchi yetu ya Dodoma ni mwezi wa vumbi na upepo, nimeulizwa swali moja na watu watatu kwa nyakati tofauti, nao wote wameuliza kwa nia njema. Wameona kwamba nyuma ya nyumba ya mapadre, chini ya mwarobaini, pamewekwa beseni la maji na kigae cha mtungi uliovunjika chenye wishwa na chenga za mtama, na ya kuwa asubuhi na jioni njiwa wa porini hushuka hapo kula na kunywa. Swali lao ni hili: je, ni halali kuwamwagia ndege nafaka katika nchi ambayo njaa si hadithi?

Mmoja wao aliongeza, kwa heshima zote, kwamba katika vigango vyetu wapo wajane wanaopika mara moja kwa siku. Basi swali si la mzaha, nami sitalijibu kwa mzaha. Nitasema mapema ninachoamini, ili msomaji asichoke kunitafuta: njiwa wana fungu lao katika ua wa Mkristo, lakini fungu hilo huja baada ya lile la maskini, wala halichotwi katika debe la watu.

Kwanza tuwafahamu hao wageni wenyewe. Wengi wetu husema "njiwa" tukaishia hapo, ilhali hapa Ihumwa aina zisizopungua nne zaweza kuonekana katika uwanja mmoja. Yupo tetere mwenye nusu ukosi mweusi nyuma ya shingo, kana kwamba amevaa kola ya padre iliyotiwa wino na kugeuzwa kinyume. Huyo ndiye anayelia kwa mapigo matatu mchana kutwa, hata katika joto la saa nane ambapo viumbe vingine vyote vimenyamaza. Yupo wa pili, mwembamba zaidi, wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na waridi, asiye na ukosi nyuma bali ana madoadoa meusi mbele ya kifua. Sauti yake ni kama ya mtu anayejizuia kucheka wakati wa mahubiri. Ndege huyu ana uzito wa gramu 100 hivi tu, lakini makao yake yameenea kutoka Afrika hii yetu hadi India, na tangu mwaka 1898 wapo hata Perth, Australia, walikopelekwa na watu. Yupo wa tatu, mdogo kuliko wote, mwenye mkia mrefu mwembamba. Dume lake lina uso mweusi kama aliyechungulia ndani ya chungu chenye masizi. Wa nne ni wa vichakani, mwenye madoa ya kijani ing'aayo juu ya mabawa. Huyu haji beseni likiwa wazi sana, na mara nyingi tunamsikia tu: huanza kulia polepole, kisha sauti ikashuka na kuharakisha, kama mtu anayesimulia habari za msiba. Watu wa pwani wana majina ya kuwatenganisha ndege hawa, hua, tetere, pugi, ninga. Sisi wa bara mengi ya majina hayo tumeyapoteza, na kiumbe asiye na jina ni vigumu kumwona.

Ukiketi kimya kwa nusu saa utaona mambo ambayo hayahitaji kitabu. Kuku akinywa maji huinua kichwa juu ili maji yateremke kooni. Njiwa hafanyi hivyo. Huzamisha mdomo na kufyonza mfululizo kama ng'ombe kisimani, kisha huondoka. Kwa kuwa chakula chake ni mbegu kavu, hawezi kukaa muda mrefu bila maji, na ndiyo maana katika kiangazi chetu, kati ya Mei na Novemba, beseni humvuta kuliko kigae. Utaona pia kwamba hachakuri kwa miguu kama kuku. Huokota kilichokwisha kuanguka chini, punje kwa punje, na majani huyasogeza kwa mdomo.

Tena ipo siri moja ya uzazi wao inayonistaajabisha kila nikiikumbuka. Kiota cha njiwa ni vijiti vichache tu. Ukisimama chini yake waweza kuyaona mayai yote mawili. Baba na mama hupokezana kuyaatamia kwa muda wa majuma mawili hivi, na makinda yakianguliwa hulishwa aina ya maziwa mazito yanayotengenezwa katika mfuko wa chakula ulio shingoni. Maziwa hayo hutengenezwa na mama, na hutengenezwa na baba vilevile. Akina baba wa UWAKA wanaoamini kwamba mtoto mchanga ni shauri la mama peke yake wangefaa kutafakari jambo hilo kabla ya mkutano wao ujao.

Lakini nisiwapambe kupita kiasi. Tumezoea kumtaja njiwa kama kielelezo cha upole, na Bwana wetu mwenyewe alimtaja hivyo alipowatuma mitume (Mt 10:16). Atakayewatazama kwa siku tatu atagundua kwamba dume mmoja aweza kuwazuia wenzake watano wasifike kwenye kigae, akiwapiga kwa bawa kama mtu anayepiga kofi, huku chenga zikiwatosha wote. Upole wa njiwa ni kweli, ila nao unafikia kikomo pale penye chakula. Labda ndiyo sababu ndege huyu anatufaa sisi kuliko tunavyodhani.

Sasa nirudi kwenye njaa. Wagogo hawahitaji kufundishwa na padre maana ya njaa. Nchi hii hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka kwa wastani, nayo karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Ikikosea kuja kwa majuma matatu, uwele hubaki bila punje. Wazee walisimuliwa na wazee wao juu ya Mtunya, njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa. Maelfu walikufa katika Ugogo. Watu ambao babu zao walipita hapo wana haki ya kukunja uso wanapoona mtama chini.

Na wana haki pia ya kutowapenda ndege. Mtoto aliyekulia hapa anajua kazi ya kuamia: kukaa juu ya dungu tangu alfajiri, na teo mkononi, akipiga kelele mpaka sauti ikauke, kwa sababu kwelea kwelea wamekuja. Kwelea mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku, ambazo si kitu. Lakini kundi la ndege milioni moja ni tani 10 kwa siku, na makundi yao huzidi milioni moja. Sitamlaumu kamwe mkulima anayelinda shamba lake, wala sitamwambia kwamba kufukuza ndege ni kukosa imani. Ila haki inataka tutofautishe. Tetere si kwelea. Haji kwa mamilioni, wala hajui kuning'inia kwenye suke la uwele na kulipukutisha. Naam, hudonoa alizeti iliyokomaa, na mbegu iliyopandwa bila kufukiwa vema huiokota. Hayo ni makosa yake na tuyaandike katika daftari lake. Lakini sehemu kubwa ya anachokula ni mbegu za magugu na punje ambazo mkono wa mwanadamu umekwisha kuziacha.

Hapo ndipo Maandiko yanaponipa jibu ninaloliona ni la busara kuliko langu. Katika Torati, Mungu anapoamuru ardhi ipumzishwe mwaka wa saba, anataja ni nani watakaokula kinachoota chenyewe: maskini wa watu kwanza, kisha kilichobaki ni cha wanyama wa porini (Kut 23:11). Nawaomba muufungue mstari huo nyumbani na kuusoma polepole. Wanyama hawakusahauliwa, nao hawakutangulizwa. Mwenye shamba hakuambiwa awanunulie ndege chakula; aliambiwa asikombe kila kitu. Sheria ile nyingine juu ya pembe za shamba na masazo ya mavuno (Law 19:9), ambayo ndiyo iliyompatia Ruthu Mmoabi chakula, ina roho ileile. Kuna kiasi ambacho mwenye mali anatakiwa kukiacha kidondoke, tena bila kuuliza ni nani atakayekiokota.

Kwa hiyo utaratibu wa nyumba ya mapadre ni huu, nami nautaja ili pasiwe na minong'ono. Nafaka inayoletwa na waamini wakati wa matoleo hugawiwa wahitaji kupitia jumuiya, na hakuna punje ya huko inayofika kwenye kigae. Kinachowekwa pale ni wishwa wa kinuni na chenga zilizofagiliwa chini ya mashine ya kusaga, zikiwa zimechanganyika na mchanga hata mpishi hawezi kuzitumia. Najua kwamba hata pumba siku hizi zina bei, maana wafugaji wa kuku na nguruwe huzitafuta. Ndiyo sababu tunaweka konzi moja asubuhi na konzi moja jioni, basi. Anayetaka kumwaga debe zima ili wageni wake waone makundi ya njiwa, huyo namshauri alipeleke debe hilo kwa jirani.

Zamani, wapendwa, hapakuwa na haja ya padre kuandika mambo haya, kwa sababu fungu la njiwa lilikuwa linadondoka lenyewe. Katika tembe, uwele ulianikwa juu ya paa tambarare la udongo. Mama alitwanga na kupepeta uani, ungo ukirusha makapi kwenye upepo, na kilichoanguka kiliokotwa na kuku, njiwa na shomoro bila mtu kufikiria. Leo mambo yamegeuka. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na hasa tangu Mji wa Serikali wa Mtumba ulipozinduliwa Aprili 2019 hapa jirani, Ihumwa imepimwa viwanja, imejengwa, imezungushiwa kuta. Treni za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024. Namshukuru Mungu kwa hayo yote: vijana wetu wamepata kazi, na wagonjwa hawasafiri tena kwa shida kama zamani. Lakini migunga iliyokuwa hapa imekatwa mingi. Nyumba mpya hula unga wa pakiti, ua wake umesakafiwa kwa vitofali vya saruji, na mabaki ya chakula hufungwa ndani ya mfuko yakisubiri gari la taka. Hakuna kinachodondoka. Njiwa wa Nuhu alirudi safinani kwa kuwa hakupata mahali pa kutua (Mwa 8:9). Kule palikuwa na gharika, huku kwetu pana saruji.

Nami naona jambo lenye uzito kuliko ndege. Ua ambao haudondoshi kitu kwa ajili ya njiwa, mara nyingi haudondoshi kitu kwa ajili ya jirani pia. Geti limefungwa kwa wote wawili. Zamani mjane alijua siku jirani anayotwanga, naye alifika na kikapu chake bila kuitwa. Leo angepiga hodi mara tatu, mbwa wakabweka, akarudi kwake. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikataa kutenganisha mateso ya dunia na mateso ya maskini, na baadhi yetu tulidhani hayo ni mambo ya wanazuoni wa Ulaya. Mimi nayaona kwenye barabara ya vumbi inayotoka kanisani.

Nina mzee mmoja ambaye humpelekea Komunyo Takatifu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Miguu yake haifanyi kazi tena. Huwekwa kwenye kiti mlangoni tangu asubuhi mpaka jua linapokuwa kali, na mbele yake kuna eneo la udongo mtupu ambalo mkwewe hulimwagia masalio ya ugali na maji ya kuoshea mchicha. Njiwa hushuka hapo. Mzee yule anawafahamu. Anamjua aliyekatika kidole cha mguu, anajua saa wanayofika na saa wanayoondoka, na siku moja aliniambia kwamba nilikuwa nimechelewa, kwa kuwa tetere walikuwa wamekwisha kunywa. Mwanawe, kijana mwema mwenye kazi nzuri mjini, anataka kusakafia ua wote kabla ya Krismasi. Nimemwomba aache hatua nne mbele ya mlango wa baba yake. Bado hajanijibu, na sidhani kama anaelewa ninaomba nini. Kwake ni suala la matope wakati wa masika. Kwa mzee, wale ndio wageni pekee wanaokuja kila siku, maana sisi wengine, padre wake akiwamo, huja mara moja kwa mwezi tukiwa na haraka.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia kwamba njiwa ni wengi, hawawezi kwisha. Waliosema hivyo Marekani ya Kaskazini walikuwa na sababu nzuri kuliko zetu. Huko palikuwa na njiwa wa kuhama waliohesabika kwa mabilioni, makundi yao yakilifunika jua kwa saa nyingi. Waliwindwa kwa ajili ya masoko, misitu yao ikakatwa, na wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Sisemi kwamba tetere wa Ihumwa wako karibu na hatari hiyo; wako wengi, tena wanazoea miji. Nasema tu kwamba wingi haujawahi kuwa kinga.

Hatari iliyo karibu nasi ni sumu, na hapa naomba wakulima na wazazi wanisikilize kwa makini. Mbegu zinazouzwa zikiwa zimepakwa dawa hutiwa rangi makusudi ili mtu ajue si chakula. Njiwa hajui maana ya rangi hiyo. Mbegu hizo zikimwagika pembeni mwa shamba, au zikiachwa juu ya udongo bila kufukiwa, huokotwa. Na njiwa aliyelewa dawa hukamatwa kirahisi na watoto, wakamchoma na kumla. Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, watafiti wameandika habari za watu waliotia kiuatilifu cha kabofurani katika chambo kwenye mashamba ya mpunga, ndege wakafa kwa wingi, kisha nyama yake ikauzwa na kuliwa. Isije ikafanyika kwetu. Vivyo hivyo, Serikali inaponyunyizia sumu makundi ya kwelea kwa eropleni (naandika eropleni nisije nikachanganya ndege na ndege), maofisa huonya kwamba ndege waliokufa wasiokotwe kwa ajili ya mboga. Onyo hilo ni la kweli, wala si uchoyo wa Serikali.

Kuhusu manati sitasema mengi, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kiume mimi pia. Mvulana mwenye njaa anayepiga njiwa ili ale, simhukumu. Lakini anayepiga kwa mchezo na kumwacha akifa kwenye mchongoma, mzazi wake na amsomee sheria ya kiota katika Kumbukumbu la Torati (Kum 22:6-7), mahali ambapo Mungu mwenye mambo mengi ya kuamuru aliona vema kuamuru hata juu ya mama ndege aliyelalia makinda yake. Na tusisahau kwamba siku Mtoto Yesu alipotolewa hekaluni, wazazi wake walileta sadaka ile iliyowekwa kwa ajili ya wasioweza kununua mwanakondoo: jozi ya hua, au makinda mawili ya njiwa (Lk 2:24). Njiwa na maskini wamefahamiana tangu zamani.

Baadhi watauliza: kwa nini tusifuge njiwa weupe kanisani, wakarushwa siku za harusi na Pentekoste? Sipendelei. Tarehe 26 Januari 2014, watoto wawili walirusha njiwa weupe kutoka dirishani Vatikano wakiwa pamoja na Papa Fransisko, na papo hapo shakwe na kunguru wakawashambulia mbele ya umati. Mwaka uliofuata wakatumia maputo. Ndege aliyelelewa kizimbani hajui anga. Tetere wetu anaijua, na kipanga akipita juu utaona beseni limebaki peke yake kabla wewe hujainua kichwa.

Basi, kwa anayetaka kuanza nyumbani kwake, nampa ushauri wa vitendo tu. Maji ni bora kuliko nafaka. Tunaishi kwa mgao wa maji, nalijua hilo kama ninyi; lita moja au mbili katika chombo kifupi zinatosha, na maji ya kuoshea mboga au matunda yanafaa mradi hayana sabuni. Chombo kiwe kifupi, kina kisichozidi vidole vitatu, na katikati liwekwe jiwe ili kinda lisizame. Kioshwe kila siku kwa kusugua, kwa maana njiwa huambukizana maradhi ya koo na mdomo katika maji machafu, na beseni lililooza linaua kuliko ukame. Wenye kuku wanaogopa mdondo, na hofu yao ni ya haki: njiwa naye aweza kuupata na kuusambaza. Wasinywe pamoja, beseni la ndege liwe mbali na banda, na kuku wapewe chanjo ya tone la jicho kwa ratiba ya bwana mifugo, jambo ambalo mngetakiwa kulifanya hata kama pasingekuwa na njiwa hata mmoja Ihumwa. Msiweke mkate uliooza wala mabaki yenye chumvi nyingi. Mvua zikianza na mbegu za majani zikikomaa, acheni kigae kitupu, wanajitosheleza. Na kama una nafasi ya mti mmoja tu, usipande wa mapambo: acha mgunga uliokuta hapo usimame.

Kwa wale wenye kuta na mageti mazuri, ombi langu ni dogo. Hatua nne za udongo bila saruji. Na siku ya kupika pilau, mtoto atumwe nyumba ya tatu kutoka kwenu na bakuli lililofunikwa, kabla ya kuja kuniuliza habari za kigae changu.

Watoto wa Utoto Mtakatifu wanaotaka kuja kuhesabu njiwa pamoja nami wafike Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaanza. Tutaketi chini ya ukuta wa jiko, bila kusema, mpaka saa moja. Kila mmoja aje na daftari na penseli. Manati yaachwe nyumbani. Wazazi wanaowasindikiza wanakaribishwa chai, ila simu zizimwe, kwa kuwa yule mdogo mwenye uso mweusi hurudi vichakani kwa mlio wowote, na Jumamosi iliyopita hatukumwona tena.

Nawatakia Dominika njema.